Kipimo cha Kwanza ni Kiwiko

Katika kilo 100 za majani mabichi ya mkonge hupatikana kama kilo 4 tu za singa kavu. Zilizobaki ni maji na nyama ya jani. Kwa hiyo mkulima wa Korogwe anayetaka kilo 40 za singa hana budi kunyanyua tani nzima ya majani: ayakate, ayafunge, ayabebe, kisha alishe mashine jani baada ya jani. Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya nimheshimu fundi anayempima mtu kabla ya kupima chuma.

Tangu Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alipoleta mkonge Tanga mwaka 1893, mashine zimekuwa zikijengwa kwa ajili ya mashamba makubwa. Mashine yao kubwa iitwayo korona hula majani kwa maelfu, huhitaji maji mengi, na haihami. Mwenye eka mbili hubaki na raspado: ngoma yenye visu butu inayozungushwa na injini ya dizeli. Analishika jani, anasukuma nusu yake ndani, visu vinaponda nyama, anavuta. Kisha analigeuza, anazishika singa zilizolowa na kusukuma nusu ya pili. Hapo penye kugeuza ndipo penye hatari, kwani singa mbichi huteleza, hujisokota vidoleni, na ngoma haisubiri mtu. Huko Bahia, Brazil, mashine ya namna hii iitwayo paraibana imewaacha wakulima wengi bila vidole, wengine bila mkono.

Fundi mzuri huanzia hapo. Hurefusha mdomo wa kulishia ukazidi urefu wa mkono, ili vidole visiifikie ngoma hata mtu akijisahau. Huweka kibanio kinachoshika singa badala ya ngumi. Meza huiweka usawa wa kiwiko, na huifanya ipande na kushuka, kwa sababu mama na kijana wake hawalingani kimo na wote wawili watalisha. Wenzo wa kuzimia huuweka nyongani, maana saa ya ajali mikono yote miwili huwa imekamatika. Utomvu unaowasha ngozi huuelekeza chini, mbali na miguu. Haya hayaonekani kwenye picha ya mauzo, na kwangu ndiyo ufundi wenyewe.

Kazi ngumu kuliko zote ni kupanga uwazi kati ya visu na bamba ambalo jani hupondwa juu yake. Ukibana mno, singa zinakatika. Ukilegea, nyama inabaki na bei inashuka. Tena jani ni nene shinani na jembamba nchani! Fundi anayeweka skrubu mkulima aikaze mwenyewe pale shambani, bila kumtafuta mtu mjini, amemwelewa mteja wake.

Halafu kuna magurudumu. Ikiwa sehemu kubwa ya mzigo ni takataka, mashine na iende kwenye majani, na masalia yabaki shambani yawe mbolea.

Ninyi mnaosomea uchoraji wa mashine vyuoni, kabla ya kushika rula nendeni mkasimame pembeni mwa raspado tangu asubuhi hadi injini izimwe. Chukueni futi, mumpime anayelisha: kiwiko chake, urefu wa mkono wake, hatua zake hadi kwenye lundo. Kisha mwulizeni mgongo unamuuma wapi, na mchoro uanzie hapo.