Kikapu Kinapoonekana Kusimama

Kikapu cha Kiturkana huanza na fundo dogo katikati ya kitako. Fungu jembamba la nyuzi za mkoma hulizunguka fundo hilo, likiviringwa kwa miaa, na kila mzunguko hushonwa kwenye ule uliotangulia. Mwanzoni kazi hutia moyo: mishono michache tu na mzunguko umefungika, mingine michache na kitako kimeenea kiganjani. Kuanza kikapu hakumshindi mtu.

Ugumu huja baadaye, na huja kwa hesabu. Tuseme fungu lina unene wa sentimita 1. Kitako kikiwa na upana wa sentimita 10, mzunguko mmoja una urefu wa sentimita 31 hivi. Kikifika upana wa sentimita 30, mzunguko mmoja unadai sentimita 94. Mkono haujalegea, sindano ni ile ile, lakini ili kitako kiongezeke kwa unene ule ule, kazi imekuwa mara tatu. Anayetazama kwa mbali ataapa kwamba kikapu kimesimama, kumbe hakijawahi kumeza kazi nyingi kama sasa. Hapa ndipo wengi wetu tunaoandika riwaya, tunaotunga nyimbo, tunaochonga au kutengeneza filamu huitupa kazi. Tunadhani hamu imetufia, ilhali kazi ndiyo iliyopanuka.

Nimelifikiria hili sana nikiwatazama akina mama wa Lodwar, katika kaunti ya Turkana, wakisuka kivulini. Hawana haraka ya kuuona mdomo wa kikapu. Jicho liko kwenye mshono uliotoka kupita, kama umekaa sawa na jirani yake. Ukiwa umelegea unafumuliwa pale pale, kwa sababu kosa la kitako hubebwa na ukuta mzima. Na ukuta, ukianza kupanda wima, huleta nafuu yake: mizunguko hairefuki tena, kila mmoja unaongeza kimo kile kile. Aliyekivumilia kitako sasa ana mwendo.

Nidhamu hiyo haitoki moyoni peke yake. Lodwar ni mji ambao nyuzi joto 35 si habari, na mwaa mkavu huvunjika unapokunjwa. Kwa hiyo miaa hulowekwa kwanza, na hulowekwa kiasi kitakachoshonwa kabla hakijakauka. Malighafi yenyewe imekata kipimo cha siku. Naona hekima kubwa zaidi hapo kuliko katika ahadi tunazojiwekea za kukesha mwezi mzima hadi kazi iishe. Aliyeloweka kidogo asubuhi ana sababu ya kuketi, na ana ruhusa ya kuinuka. Tena wasusi hawaketi wapweke. Habari za mbuzi, za watoto, za mvua iliyokawia hupita juu ya mikono inayofanya kazi, na siku ambayo mmoja hana hamu, mazungumzo humfikisha jioni.

Subira hutangulia hata sindano. Mkoma, ambao Waturkana huuita eng'ol, humea kandokando ya mito kama Turkwel, na kinachofaa kusukia ni jani changa ambalo bado halijakunjuka. Mti ukinyang'anywa machipukizi yake yote hudhoofika, na makoma yake ni chakula cha watu. Msusi mzuri huliacha jani ambalo angeweza kulikata.

Subira si ya wasusi peke yao. Katika kaunti hiyo hiyo, kwenye ukingo wa magharibi wa Ziwa Turkana, mwaka 1984, Kamoya Kimeu, mtafutaji wa visukuku, aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso, rangi yake ikikaribiana na ya changarawe zilizokizunguka. Ilikuwa siku ya mapumziko ya kambi, na yeye akaamua kutembea. Kipande kile ndicho kilichomfikisha ulimwenguni kijana wa Nariokotome, aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, mmoja wa binadamu wa kale ambao mifupa yao imepatikana ikiwa kamili zaidi. Siku ile inasimuliwa sana. Mimi hunivutia zaidi yaliyoizunguka: miaka zaidi ya 20 ambayo Kimeu alikuwa ameshaitumia akitembea huku macho yakiwa chini, kisha misimu ya kuchimba na kuchekecha udongo, ambamo siku nyingi hazikutoa kitu cha kuandikwa gazetini.

Kutoka Lodwar kwenda Kakuma ni kilomita 120 hivi. Kambi ya wakimbizi ya huko ilianzishwa mwaka 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan walipowasili, na wapo waliozaliwa humo ambao leo wana watoto wao. Wanawake wa Sudan Kusini hudarizi milaya, yaani mashuka yenye maua na ndege, kwa nyuzi za rangi kali. Mtu hajui ataishi pale hadi lini, hata hivyo anachora ndege kwenye kitambaa na kuanza na bawa. Sijui ujasiri wa sanaa unaozidi huo.

Lakini siwezi kuisifu subira hiyo nikanyamaza hapo. Mgao wa chakula Kakuma umepunguzwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni, na njaa haimfundishi mtu kudarizi. Inamnyang'anya tu nguvu za mikono. Wanaohubiri hamasa hupenda kuzungumzia moyo na kuisahau bei. Barabarani Lodwar msafiri hushusha dirisha la gari, huulizia kikapu, kisha huanza kupunguza, na mama mwenye mtoto anayesubiri unga hukubali. Msusi anayeiweka sindano chini akaenda kuchoma makaa hajapungukiwa na hamasa. Makaa yana mnunuzi kila siku, na kikapu chake kimeshushwa bei hadi hakilipi hata siku alizokaa akikishona.