Kipanya, Puku au Mausi? Tahakiki ya Majina ya Vifaa vya Kompyuta

Makala haya yametokana na kalamu nyekundu. Wakati wa kuwakagua wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, nililetewa rundo la insha zilizokwisha kusahihishwa. Mada ilikuwa "Vifaa vya kazi ya ofisini". Mtoto mmoja alikuwa ameandika neno kompyuta mara tano, na mara zote tano lilikatwa na juu yake kuandikwa tarakilishi. Alama zikapunguzwa. Wiki iliyofuata, katika shule nyingine, nilikuta kinyume chake: mtoto aliandika tarakilishi, mwalimu akakata na kuandika kompyuta. Alama zikapunguzwa vilevile.

Walimu hao wawili ni wanafunzi wa idara moja. Mmoja alijifunza kwa vitabu vilivyotoka Kenya, mwingine kwa vitabu vilivyotoka Tanzania. Kila mmoja alikuwa na kitabu cha kumtetea. Wasiokuwa na mtetezi ni wale watoto wawili.

Swali linalozuka ni hili: tutumie kigezo gani kuamua jina la kifaa? Kwa maoni yetu, jina ni kama kifaa chenyewe. Hatununui kipanya kwa sababu kisanduku chake kinapendeza. Tunakinunua kwa sababu kinafanya kazi. Jina nalo lipimwe kazini: dukani, darasani na katika chumba cha mtihani. Katika makala haya tutapitia vifaa ambavyo mwalimu wa lugha hapa Kampala anavihitaji kweli, na kwa kila kimoja tutaangalia jina lake linavyofanya kazi.

Kompyuta yenyewe

Kwanza tukiri jambo moja. Vifaa vya mwalimu vimekuwa vikija na majina yake tangu zamani. Kalamu na karatasi ni maneno yenye asili ya Kiarabu, meza ni ya Kireno, shule ni ya Kijerumani. Hakuna mtahini anayekata neno meza kwa madai kwamba si Kiswahili halisi. Kwa hiyo hoja kwamba kompyuta ni neno la kukopa haitoshi kulikataa.

Tarakilishi nalo lina sifa zake. Ndani yake msomaji anasikia tarakimu, na limezaa ndugu: kipakatalishi, yaani kompyuta ya kubebeka. Neno linalozaa ni neno lenye uhai. Tatizo lake hapa kwetu ni dukani. Nenda Wandegeya, uulize bei ya tarakilishi, na utaonyeshwa mlango wa duka la jirani. Uliza kompyuta na utajibiwa mara moja, awe muuzaji ni Mganda, Mnyankole au Mhindi. Waganda wenyewe wana neno kalimagezi, ambalo ndani yake mna magezi, yaani akili. Ni neno zuri, lakini muuzaji bado anasema kompyuta.

Kuhusu ile ya kubebeka, majirani zetu wamekubaliana bila kujua. Mkenya anasema kipakatalishi, Mtanzania anasema kompyuta mpakato. Maneno yote mawili yamejengwa juu ya kitenzi pakata, kumweka mtoto mapajani. Mwalimu akifundisha kitenzi hicho kwanza, wanafunzi watayaelewa majina yote mawili kwa somo moja. Tahadhari tu isisahauliwe: jina linasema mapajani, lakini kompyuta hizi zina matundu ya kutolea joto, mara nyingi upande wa chini. Ukiiweka juu ya godoro au blanketi unaiziba pumzi. Iweke mezani.

Kipanya na kibodi

Kwa kipanya tuna majina matatu. Kipanya ni tafsiri ya moja kwa moja, na kimeingia vizuri katika ngeli ya KI-VI: kipanya hiki, vipanya hivi. Dosari yake ni kwamba huko Dar es Salaam kipanya kimekuwa pia jina la basi dogo la abiria, ingawa muktadha huondoa utata. Puku, ambaye ni aina ya panya, limo katika vitabu kadhaa lakini ni nadra kulisikia likitamkwa. Mausi ndilo linalosemwa madukani. Hapa tunapendekeza kipanya kwa darasa, na mausi tulisikie bila kukasirika. Kwa mnunuzi, kipanya chenye waya kinamfaa zaidi mwalimu kuliko kile kisicho na waya, kwa sababu hakimwachi katikati ya kazi akitafuta betri.

Kibodi ina washindani wawili: baobonye, lililotokana na bao na bonyeza, na kicharazio, kutokana na charaza. Kicharazio kinaeleweka haraka zaidi kwa kuwa kitenzi chake kinatumika, na kinaingia katika ngeli bila taabu. Baobonye linahitaji maelezo kila linapotajwa, na jina linalohitaji maelezo kila siku ni kama mashine inayohitaji fundi kila siku.

Jambo moja la kufurahisha kuhusu kibodi ni kwamba Kiswahili hakihitaji kibodi maalumu. Hatuna herufi yoyote isiyopatikana katika kibodi ya Kiingereza; hata ng' ya ng'ombe inahitaji kibainishi tu. Wenzetu wanaoandika Luganda kwa kufuata herufi ŋ ndio wenye kazi zaidi. Adui wetu ni programu ya kukagua tahajia. Isipowekwa Kiswahili, hupiga mstari mwekundu chini ya kila neno, na wanafunzi wengine huanza kuamini kwamba lugha nzima ina makosa. Kabla hujanunua kifaa chochote kipya, weka mpangilio wa lugha sawasawa. Hilo halina gharama.

Skrini na printa

Kiwambo ni jina ambalo Mganda angepaswa kulipenda. Linahusiana na kuwamba, kitendo cha kuvuta ngozi juu ya mzinga wa ngoma. Anayejua ngoma anaweza kulichora jina hilo akilini. Skrini nalo limeenea na halina ubaya. Tunapendekeza yote mawili yakubaliwe, na mwalimu atumie kiwambo kama nafasi ya kufundisha uhusiano wa kitenzi na nomino.

Kichapishi kina nguvu kuliko printa kwa upande wa familia ya maneno: chapa, chapisha, chapisho, mchapishaji, uchapaji. Mwanafunzi anayepita Nasser Road, mtaa wa wachapaji wetu, ameiona familia yote hiyo ikifanya kazi. Printa ndilo la dukani. Kuhusu kifaa chenyewe, mwalimu ajue tofauti ya wino wa maji na wino wa unga. Mashine ya wino wa maji huwa rahisi kununua, lakini isipotumika kwa muda mrefu, kwa mfano wakati wa likizo, wino hukauka katika vitundu vyake. Ya wino wa unga huvumilia likizo na hufaa kwa kurasa nyingi. Anayechapa kurasa chache kwa muhula asinunue yoyote. Awaendee wenye maduka ya kuchapa na alipe kwa ukurasa.

Vifaa vilivyosahauliwa

Sasa tufikie lawama yetu kuu kwa orodha za msamiati zilizomo katika vitabu. Nyingi hutaja kompyuta, kipanya, kibodi, skrini na printa, kisha hunyamaza. Vifaa vinavyomwokoa mwalimu wa Kampala havimo.

Cha kwanza ni vifaa vya umeme. Umeme ukikatika ghafla, kompyuta ya mezani huzimika na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Kifaa kinachoitwa UPS huipa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Mwenye kompyuta mpakato ana betri ndani yake, mradi betri hiyo bado ni nzima. Kwa Kiswahili, UPS tunaweza kuiita wazi kifaa cha akiba ya umeme. Na hapa Kampala ina somo lake kuhusu maneno. Kampuni ya kusambaza umeme iliyofanya kazi nchini tangu 2005 hadi 2025 iliitwa Umeme. Kwa miaka 20 neno hilo la Kiswahili lilikuwa kwenye bili na kwenye midomo ya watu ambao hawakuwahi kuingia darasa la Kiswahili. Hawakulijifunza kutoka katika kamusi. Walilijifunza kwa kulitumia.

Cha pili ni vipokea sauti vya masikioni pamoja na maikrofoni, ambavyo dukani huitwa hedifoni. Kama mwalimu wa lugha ana fedha za kifaa kimoja tu, anunue hiki. Sababu inatuhusu sisi hasa. Katika Luganda, r na l havitofautishi maana: r huandikwa baada ya e na i, na l kwingineko. Mwanafunzi mwenye mazoea hayo huja kwetu akachanganya kula na kura, mahali na mahari. Hawezi kutamka tofauti asiyoisikia. Ajirekodi kwa simu, asikilize sauti yake kando ya sauti ya msemaji mahiri, arudie. Kazi hiyo haifanyiki kwa spika ndogo ya kompyuta katika chumba cha watu 60.

Cha tatu ni flashi. Istilahi diski mweko imependekezwa, na mweko ni mwanga wa ghafla. Hata katika simu zenye Kiswahili hutumika kwa mwanga wa kamera. Lakini mwanafunzi anayelisikia hudhani limetokana na kuweka, kwa kuwa diski hiyo huweka mafaili. Amekosea asili, ila amepata maana. Flashi si mahali pa kuwekea nakala ya pekee ya tasnifu. Hupotea, na hubeba virusi kutoka kompyuta za umma. Weka nakala mbili mahali pawili tofauti. Na tukitaja virusi: neno hili la kigeni limeingia katika ngeli yetu hadi likapata umoja wake, kirusi, kama vile kitabu cha Kiarabu kilivyopata vitabu. Lugha iliyo hai humvalisha mgeni nguo za nyumbani.

Maneno yaliyofaulu

Isidhaniwe kwamba tunatetea kukopa tu. Maneno bora ya kompyuta katika Kiswahili ni vitenzi vya zamani vilivyopewa kazi mpya. Pakia na pakua ni maneno ya chombo na shehena, na pakua ni la jikoni pia. Mwanafunzi aliyewahi kupakua chakula anaelewa kupakua faili bila kuambiwa. Ndivyo ilivyo kwa hifadhi, futa na barua pepe. Mnamo 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, na baadaye Microsoft nayo ikatoa Windows yenye sura ya Kiswahili. Kazi hizo zilithibitisha kwamba lugha inamudu. Hata hivyo, kumudu ni jambo moja na kutumiwa ni jingine. Kompyuta nyingi tunazozikuta katika ofisi za Kampala bado zinazungumza Kiingereza.

Tufanye nini?

Kwa Uganda jambo hili si la mzaha tena. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kuelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto wengi watakutana na kalamu nyekundu kuliko zamani. Uganda ilikuwa na wajumbe katika kamati ya lugha iliyoundwa 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki. Hatuna sababu ya kuendelea kuwa wapokeaji tu wa ugomvi wa majirani.

Mapendekezo yetu ni matatu. Kwanza, idara iandae orodha fupi ya majina ya vifaa, kila kifaa kikiwa na jina moja la kufundishia na mengine ya kutambua. Pili, mwanafunzi asipunguziwe alama kwa kutumia jina lolote sanifu, liwe la Nairobi au la Dodoma, mradi upatanisho wa kisarufi ni sahihi na jina halibadiliki katikati ya insha. Makosa ya kweli ni "kipanya hii" na "kompyuta kile", na huko ndiko wino mwekundu uelekee. Tatu, orodha iongezwe vifaa vilivyosahauliwa: vya umeme, vya sauti na vya kuhifadhia.

Nilimrudia yule mwalimu-mwanafunzi aliyekata kompyuta mara tano. Nilimuuliza yeye mwenyewe alinunua nini alipokuwa akijiandaa kwa mazoezi ya kufundisha. Akajibu bila kufikiri, "Kompyuta, Mwalimu." Tukacheka wote wawili, kisha akaomba arudishiwe zile insha.