"Batili" au "Haijaandikishwa"? Uhakiki wa Lugha ya Miongozo ya Kompyuta

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuchambua tenzi, riwaya na tamthilia. Miongozo ya programu za kompyuta hawaigusi, kana kwamba ni maandishi yasiyo na mwandishi. Kwa maoni yetu, kasoro hiyo yafaa kurekebishwa, maana neno moja likikosewa katika miongozo hiyo, mtu hupoteza fedha au jina jema. Tuchukue mfano mmoja.

Umoja wa Ulaya una mfumo uitwao VIES, ulioanza mwaka 1993, wa kuulizia kama kampuni imeandikishwa kwa ajili ya kodi ya ongezeko la thamani, ile tuiitayo TVA. Muuzaji huandika herufi mbili za nchi pamoja na namba ya mnunuzi, naye hupewa jibu: namba ni halali, au ni batili. Jambo hili si dogo. Tangu mwaka 2020, namba halali ya mnunuzi ni mojawapo ya masharti ya kuuza bidhaa katika nchi nyingine ya Umoja bila kutoza kodi hiyo.

Tukisoma maelezo rasmi ya mfumo huu, twaona kwamba VIES yenyewe haina daftari. Hupeleka swali katika daftari la nchi inayohusika. Maelezo hayo yanakiri pia kwamba "batili" ina maana zaidi ya moja: huenda namba haipo kabisa, au haijafunguliwa kwa biashara kati ya nchi za Umoja, au uandikishaji wake haujakamilika. Ufafanuzi huu ni wa kusifiwa. Lakini umewekwa mbali na neno lenyewe, na msomaji mwenye haraka amekwisha kutoa hukumu kabla ya kuufikia.

Hapo ndipo Kiswahili kina la kusema. Kwetu sisi, mkataba batili ni mkataba usio na nguvu. Kumwambia mfanyabiashara kwamba namba ya mwenzake ni batili ni karibu na kumwambia kwamba mwenzake ni mdanganyifu. Kumbe sarufi yetu hutenganisha mambo haya bila taabu. "Haijaandikishwa" huacha mlango wazi, kwa sababu kiambishi -ja- chasema kwamba jambo laweza kutimia kesho. "Haikuonekana katika daftari" yataja matokeo ya utafutaji tu. "Daftari halikujibu" yaweka lawama mahali pake, yaani kwenye chombo, wala si kwa kampuni.

Tofauti ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Daftari la nchi moja likifungwa kwa matengenezo, VIES hutoa ujumbe wa pekee. Programu ndogo inayoiuliza VIES kwa niaba ya mtumiaji, ikiwa inageuza kila kukosa jibu kuwa "siyo", yamsingizia mtu asiye na kosa. Mwongozo usiotaja jambo hilo unashiriki katika kosa hilo.

Mwongozo mzuri wa Kiswahili, basi, ungetenganisha angalau majibu manne. Kwanza, namba imeandikwa vibaya: namba ya Ubelgiji ina tarakimu kumi, na mbili za mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, Ugiriki nayo hutumia herufi EL, si GR. Pili, namba haikuonekana. Tatu, daftari halikujibu. Nne, namba ni halali ila jina halikutolewa, kama ilivyo kawaida kwa Ujerumani. Na kila jibu lingetaja tarehe yake, maana lililo kweli leo laweza kubadilika: namba za Uingereza hazitambuliwi tena na mfumo huu tangu Januari 2021, isipokuwa zile za Ireland ya Kaskazini zenye herufi XI.

Wengine watapinga kwamba kompyuta yataka "ndiyo" au "siyo" tu. Huenda ni hivyo ndani ya mashine; lakini mwongozo huandikiwa mtu. Nchini Kongo TVA ilianza kutozwa mwaka 2012, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zetu nne za taifa. Wanafunzi wetu watakaoandika miongozo ya namna hii wasiazime neno "batili" kabla ya kuuliza ni nani atakayeumizwa nalo.