Dakika Kumi za Kukagua, Miezi Sita ya Kulipa

Anayetaka chumba na sebule Sinza, Tabata au Kimara hahangaiki kumpata dalali. Yupo kijiweni chini ya mwembe, na namba yake imeandikwa kwenye kibao kilichopigiliwa nguzoni: vyumba, nyumba, viwanja, fremu. Yanayofuata baada ya simu kupigwa kila mpangaji wa Dar es Salaam anayajua. Kuna hela ya kuonyeshwa, ambayo hairudi hata nyumba ikikataliwa. Kuna kodi ya miezi mitatu au sita, pengine mwaka mzima, inayotakiwa kwa mkupuo. Kuna udalali wa mwezi mmoja, nao unatoka mfukoni mwa mpangaji huyo huyo. Malalamiko nayo yamezoeleka: madalali matapeli, wenye nyumba hawana huruma. Hukumu hiyo naiona nyepesi. Mweke dalali mwadilifu na dalali laghai katika utaratibu huu, wote wawili watamharakisha mteja, kwa sababu fedha yote inakabidhiwa kabla mpangaji hajalala hata usiku mmoja ndani ya nyumba. Kero nyingi tunazozibandika kwenye tabia za watu zinatokana na mpangilio wa malipo, na mzigo wake wote unaangukia zile dakika chache za kukagua.

Tuchukue hesabu ya mfano. Kodi ni shilingi 200,000 kwa mwezi, miezi sita ni 1,200,000, udalali 200,000, na tuseme kuonyeshwa nyumba tatu kumekula 30,000. Jumla 1,430,000. Akihama baada ya miezi sita, udalali peke yake umepandisha kodi yake hadi shilingi 233,000 na ushee kwa mwezi. Akikaa miaka mitatu, udalali ule ule unakuwa chini ya shilingi 5,600 kwa mwezi. Faida ya mpangaji, kwa hiyo, iko katika kukaa. Ya dalali iko katika kuhama: ndani ya miaka hiyo mitatu, mpangaji aliyetulia amemlipa mara moja, ilhali nyumba inayohamwa kila nusu mwaka ingemlipa mara sita. Mwenye nyumba naye, akishapokea milioni moja na laki mbili, hana cha kupoteza bomba likipasuka mwezi wa pili. Mpangaji anaweza kumkumbusha, kumbembeleza, hata kumpeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kumzuilia kodi hawezi, maana imeshaliwa. Nguvu yake ya kujadiliana aliiacha pale sebuleni, fedha ilipokuwa bado mfukoni.

Sasa tazama dakika hizo za kukagua zinavyotumika. Nyumba ya kwanza kuonyeshwa mara nyingi ni ile ambayo haipangiki kwa bei inayotajwa: choo kiko nje, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Ya pili ina nafuu. Ya tatu ndiyo iliyokusudiwa tangu mwanzo, na mteja anafika pale miguu imechoka, hela ya bodaboda imekwenda, macho yakiilinganisha na zile mbili badala ya kuilinganisha na kodi inayotakiwa. Hapo simu ya dalali inaita: kuna mtu mwingine anakuja jioni na hela mkononi. Hela ya kuonyeshwa inatetewa kuwa ni nauli na fidia ya usumbufu, na utetezi huo una haki ndani yake, kwani wapo wateja wanaozungushwa mtaa mzima kisha wanarudi kimyakimya kwa mwenye nyumba. Lakini kila nyumba ya ziada inapokuwa na bei yake, mtu anaishia kuchagua mapema kuliko anavyotaka. Juu ya hapo kuna mnyororo. Dalali aliyepigiwa simu ana mwenzake wa mtaa ule, mwenzake ana kijana anayeshika ufunguo, na mwezi mmoja unagawanywa kwa watatu. Ndiyo sababu kunawekwa cha juu: mwenye nyumba kasema 180,000, mteja anaambiwa 200,000, na kwa miezi sita hiyo ni 120,000 ambayo haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote anayeonekana.

Yule kijana wa ufunguo hajui majibu ya maswali yenye uzito, na hata angeyajua halipwi kwa kuyatoa. Marumaru, jipsamu na madirisha ya alumini yanajionyesha yenyewe. Umeme haujionyeshi. Mita ya LUKU ikiwa moja kwa wapangaji sita, ugomvi wa nani ana friji ni sehemu ndogo ya hasara. TANESCO ina kundi la wateja wa majumbani wenye matumizi madogo, yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, ambao hulipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo. Familia sita kwenye mita moja ni vigumu kubaki humo, hata kama kila moja peke yake ingeenea. Wote wanalipa bei ya mtumiaji mkubwa kwa matumizi ya mtu mdogo. Kuna kipimo rahisi ambacho hakimkeri mtu: kabla ya kutoa kodi, chukua namba ya mita, nunua umeme wa shilingi 5,000 kwa simu, kisha soma risiti. Deni la aliyehama litaonekana likikatwa pale, na kodi ya jengo vilevile, ambayo tangu 2021 hukusanywa kupitia LUKU ingawa anayedaiwa ni mwenye jengo. Maji nayo yana dalili zake. Koki yenye ukoko mweupe na sabuni isiyotoa povu ni habari ya kisima cha chumvi, na simtanki kubwa kwenye nyumba ndogo inasema kitu kuhusu mgao. Mvua ndiyo ngumu kuliko vyote, kwa kuwa nyumba ikikaguliwa Agosti haina cha kusema kuhusu Aprili. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu bonde la Msimbazi, familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, lakini mabonde madogo ya jiji hili hayana jina na hayatangazwi. Rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini ya ukuta, au kizingiti kilichoinuliwa kwa tofali mbili mlangoni, si urembo.

Ilitarajiwa simu ingemwondoa dalali. Haikumwondoa, ilimpanulia kijiwe. Fungua Instagram au kundi la WhatsApp la nyumba za kupanga: picha za jiko zipo, bei ipo, mahali ni “Sinza, dakika mbili kutoka lami”. Namba ya nyumba haipo, ingawa kazi ya anwani za makazi mwaka 2022 ilizibandikia nyumba namba na kuipa mitaa majina. Wala haiwezi kuwapo, maana hicho ndicho anachouza; akiitoa bure, biashara imekwisha. Katika jiji lenye watu zaidi ya milioni tano kwa sensa ya 2022, nani anamiliki nini ni bidhaa adimu kiasi kwamba wenye nyumba huandika ukutani kwa rangi nyekundu kuwa nyumba hii haiuzwi.

Wapo wanaosema dawa ni sheria, mwenye nyumba alipe. Ujerumani ilifanya hivyo tarehe 1 Juni 2015: kwa nyumba za kupanga, anayemwagiza dalali ndiye anayemlipa, wakati kabla ya hapo mpangaji aliweza kutozwa hadi kodi ya miezi miwili na ushuru juu yake. Madalali walikwenda Mahakama ya Katiba, wakashindwa mwaka 2016. England ikafuata kwa njia yake mwaka 2019, ikapiga marufuku ada nyingi zilizokuwa zikitozwa wapangaji. Pingamizi la kawaida ni kwamba mwenye nyumba ataihamishia gharama hiyo kwenye kodi. Sawa, na ahamishie. Atakayeajiri dalali atabishana naye bei, jambo ambalo mpangaji aliyechoka hawezi, na atapenda mpangaji anayekaa ili asilipe tena. Ugumu wa kuileta sheria hiyo hapa uko kwingine: mikataba mingi ni karatasi ya dukani au maneno matupu, na udalali unalipwa taslimu bila risiti. Katazo lisilo na karatasi ya kulisimamia litageuza jina tu, udalali uitwe “usumbufu”.

Na mkupuo wenyewe una sababu. Nyumba nyingi za Dar zimejengwa bila mkopo wa benki, tofali kwa tofali, na kodi ya miezi sita ndiyo inayopaua chumba kinachofuata au kulipa ada ya shule ya Januari. Kumwambia mwenye nyumba huyo apokee mwezi mmoja mmoja ni kumwambia asijenge. Ninachoona kinawezekana ni kugawa malipo: kodi ya miezi mitatu pamoja na nusu ya udalali siku ya kupewa ufunguo, iliyobaki baada ya siku 30, huku orodha ya vinavyovuja na visivyofanya kazi ikiwa imesainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nitajibiwa kwamba mwenye nyumba atamchagua mwenye hela zote. Kwenye nyumba inayogombewa ndivyo itakavyokuwa. Lakini zipo zilizokaa tupu, na aliyeacha nyumba tupu miezi minne anazungumzika. Dalali hatasema imekaa muda gani. Muuza genge wa ng’ambo ya barabara anajua mwezi walipohama wapangaji wa mwisho na sababu yao, na kwa bei ya fungu la nyanya atasimulia yote.