Kuteleza kwa Makusudi

Jumamosi ya mashindano mjini Berwick, mpakani mwa England na Uskoti, trekta huingia kazini saa nyingi kabla ya mtazamaji wa kwanza kukata tiketi. Uwanja wa Shielfield Park kimsingi ni wa soka: katikati kuna nyasi za Berwick Rangers, timu ya England inayocheza katika ligi za Uskoti, na kuzizunguka nyasi hizo kuna njia ya changarawe iliyosagwa. Trekta huburuta reki ya chuma, hurudi na tangi la maji, kisha huzunguka tena kushindilia. Anayeiendesha hatatajwa na mtu kesho yake, ila yeye ndiye anayeamua kama usiku huo kutakuwa na mbio au msururu. Maji yakipungua, vumbi litawafukuza hata mashabiki wa kudumu. Yakizidi, upande wa ndani unakuwa tope, na atakayetangulia kona ya kwanza atatangulia hadi mwisho. Fundi mzuri wa njia huacha udongo mlegevu kiasi upande wa nje, ili anayekuja nyuma apate pa kupita.

Mchezo wenyewe ni spidwei, mbio za pikipiki, na Berwick Bandits ni wakazi wa siku nyingi wa daraja lake la pili. Daraja hilo limebadilishwa majina kuliko lilivyostahili: lilikuwa Provincial League miaka ya mwanzo ya 1960, likaja kuitwa British League Division Two, National League, Premier League, na tangu 2017 ni SGB Championship. Timu ina watu saba. Usiku mmoja una mbio 15, kila mbio ina waendeshaji wanne, wawili kwa kila timu, wanaozunguka mara nne kwa mkono wa kushoto kwa muda wa takriban dakika moja. Wa kwanza pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho anarudi na vumbi lake. Msimu huanza majira ya kuchipua na kwisha Oktoba, baridi inaporudi.

Pikipiki yao ina injini ya silinda moja ya cc 500 inayochoma methanoli, uzito usiopungua kilo 77, na gia moja. Breki haina, ya mbele wala ya nyuma. Anayepanda bodaboda kila asubuhi atasema huu ni wazimu, lakini ukifikiri kidogo utaona busara yake. Watu wanne wanaingia kona moja bega kwa bega. Wa mbele akishika breki ghafla, watatu wa nyuma watampanda mgongoni. Pasipo breki, hakuna awezaye kumshtukiza mwenzake kwa kusimama. Kwenye kifundo cha mkono hufungwa kamba inayozima injini mwendeshaji akianguka, na mguu wa kushoto huvishwa kiatu cha chuma juu ya buti, kwa sababu mguu huo utaburuzwa ardhini usiku kucha.

Nimeanza na daraja la pili badala ya la juu kwa sababu huku pesa haijaufunika ufundi. Mwendeshaji hununua pikipiki zake mwenyewe, huzipakia kwenye gari lake mwenyewe, na hulipwa kwa pointi anazoleta. Ukimwona ameinama juu ya cheni dakika kumi kabla ya mbio, hafanyi maonyesho. Ndiyo mshahara wake ule.

Tazama anavyojiandaa kuondoka. Tepe zimetandazwa mbele ya magurudumu manne. Kabla ya kusogea, kila mmoja huchokonoa ardhi kwa kisigino, akitafuta kipande kikavu na kigumu kitakachoshika tairi la nyuma, na kukisafisha kama hakipo. Kisha huinama mbele, kifua juu ya usukani, injini ikiunguruma na klachi ikizuiwa kwa vidole viwili vitatu. Akiinama pungufu, gurudumu la mbele litapaa naye. Akizidisha, la nyuma litakosa uzito na kuzunguka palepale. Mwamuzi yuko juu kibandani, kidole kwenye kitufe, na sumaku zikiachia tepe hupaa. Atakayezigusa kabla hutolewa katika mbio hiyo au huanzia mita 15 nyuma ya wenzake. Klachi haiachiwi yote kwa mpigo mmoja. Huachiwa kwa namna ambayo hata waliodumu miaka ishirini hawawezi kuieleza vizuri, huonyesha kwa vidole tu. Kweli mbio nyingi huamuliwa hapo, na wanaouchoka mchezo huu huuchoka kwa sababu hiyo. Mimi naona wanaondoka mapema mno, kabla ya kona.

Kwenye kona ndiko kuliko na elimu. Mwendeshaji anafika mwisho wa mstari ulionyooka kwa kasi ambayo kwa akili ya kawaida haipindiki, anaulaza mwili kushoto, na nyuma ya pikipiki inatoka nje kwa ubavu. Sasa anapinda kushoto huku gurudumu la mbele likielekea kulia. Badala ya kupunguza mafuta anayaongeza. Tairi la nyuma linazunguka kwa kasi kuliko pikipiki inavyokwenda, linakwaruza ardhi na kurusha changarawe hadi kwenye uzio, na mkwaruzo huo ndio unaokula mwendo. Kuteleza ndiyo breki yenyewe. Mafuta yakizidi kidogo, pikipiki itageuka na kumpa mgongo kila mtu. Yakipungua kidogo, tairi litashika ardhi ghafla, pikipiki itanyooka, na mbele yake kuna uzio. Kati ya makosa hayo mawili nafasi ni nyembamba, na inabadilika kila mita kwa kuwa udongo wenyewe haulingani.

Mgeni huutazama mguu wa chuma, akidhani ndio unaobeba uzito. Aliyeiva haulalii mguu huo. Huupitisha juu ya ardhi ili kuijua tu. Uzito wake uko upande wa pili, kwenye kikanyagio cha kulia, akilikandamiza tairi ardhini ili kona ikiisha pikipiki ichomoke. Anayetaka kumtambua fundi afunge macho kwenye kona asikilize. Injini ya mwanafunzi hukatika vipande: inapiga kelele, inanyamaza, inapiga tena. Ya fundi hutoa sauti moja inayopanda na kushuka bila kukatika, kwa kuwa mkono wake wa kulia haufungi wala haufungui kwa pupa.

Ufundi huu ulianza zamani. Mashindano ya High Beech, msituni Essex, tarehe 19 Februari 1928, ndiyo yanayohesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa mchezo huu Uingereza, baada ya kutokea Australia. Waanzilishi waliburuza mguu nyuma yao. Mtindo wa kuutanguliza mbele ulikuja baadaye na ukashinda, kwa sababu ulimruhusu mtu kukaa sawa na kuitawala pikipiki badala ya kuifuata.

Lakini msimu wa ligi haumpimi mtu kwa kona moja. Ijumaa anakimbia Armadale, nyumbani kwa Edinburgh Monarchs, ambako mzunguko mzima ni takriban mita 260. Hajamaliza kunyooka tayari anaingia kona nyingine. Jumamosi yuko Berwick, zaidi ya mita 360, na sehemu ya kunyooka ni ndefu kiasi cha kumpa muda wa kuwaza, jambo ambalo si jema kila mara. Usiku huo kati ya Ijumaa na Jumamosi ni wa spana. Uwanja mfupi unataka meno mengi zaidi kwenye sproketi ya nyuma, mrefu unataka machache, na karabureta inafuata hali ya hewa. Jumatano huenda akawa Poole, pwani ya kusini, mwisho kabisa wa nchi. Na hata uwanja mmoja hausimami. Kila mbio tairi hurusha udongo nje, hivyo kufikia mbio ya nane au ya tisa njia iliyokuwa bora mwanzoni imebaki ngumu na tupu, na nguvu yote imehamia kwenye ukanda wa udongo mlegevu karibu na uzio. Kuufuata huko kunataka moyo.

Huku pia ndiko wakubwa walikopikwa. Ivan Mauger wa New Zealand, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mara sita, alijijenga akiwa na Newcastle Diamonds katika Provincial League. Dan Bewley, kijana wa Cumbria, alipitia Workington Comets na mwaka 2022 akashinda Grand Prix ya Uingereza mjini Cardiff. Comets wenyewe ni kisa cha kusikitisha. Mwaka 2018 walitwaa ligi, Knockout Cup na Championship Shield, mataji yote matatu, na msimu uliofuata hawakushiriki. Daraja hili halina mto wa kuangukia.

Lina pia kanuni inayoonekana kama adhabu ya kufanya vizuri. Pointi za kila mwendeshaji hugawanywa kwa mbio alizokimbia na kuzidishwa kwa nne, na jumla ya wastani wa kikosi kizima haipaswi kuvuka kikomo kinachowekwa kila mwaka. Kijana wa akiba aliyeanza na wastani wa nne akamaliza na saba amewanyima wenzake nafasi: majira ya baridi mmoja wao lazima aondoke, na mara nyingine ni yeye. Mimi kanuni hii siipendi, ingawa naelewa kwamba bila hiyo timu yenye fedha ingemaliza ligi kufikia Juni.

Kinachonirudisha kwenye mchezo huu ni kitu ambacho jedwali la pointi halikionyeshi vizuri, nacho ni kukimbia wawili. Tuseme mwenyeji mwenye kofia nyekundu ametoka vizuri na anaongoza. Mwenzake wa kofia ya bluu ni wa pili, mpinzani wa kofia nyeupe anamsogelea wa pili kwa nje, na mwenzake wa njano yuko mbali. Mwekundu angeweza kwenda zake. Hafanyi hivyo. Anageuza kichwa kwenye mstari ulionyooka, anaona bluu yuko wapi, na kwenye kona inayofuata anapanda juu, karibu na uzio, kwenye udongo uleule ambao mweupe alikuwa akiutegemea. Anaacha nafasi ya pikipiki moja upande wa ndani, na bluu anaijaza. Mweupe sasa anatazama magurudumu mawili ya nyuma na ukuta wa changarawe usoni. Akijaribu ndani, bluu yupo; akijaribu nje, mwekundu yupo.

Na mwekundu anapunguza mwendo bila breki. Anaifungua pikipiki ubavu zaidi kidogo kuliko kona inavyotaka, anaupoteza mwendo ule kidogo anaotaka kuupoteza, huku mafuta bado yakiwa wazi, ili asimwache mwenzake wala asimgonge. Hufanya hivyo kona baada ya kona akiwa ametazama nyuma. Kwenye mstari wa mwisho, mara nyingine bluu humpita kwa nusu gurudumu, naye haonekani kujali. Kwenye kijitabu cha mashindano, watazamaji humwandikia bluu 3, na mwekundu 2 yenye kialama kidogo pembeni: pointi moja ya ziada kwa aliyemaliza nyuma ya mwenzake. Wote wawili watalipwa pointi tatu tatu.