Kitabu cha Tabibu Penfield Juu ya Akili

Wilder Penfield alikuwa tabibu wa kupasua ubongo huko Montreal, nchi ya Kanada. Mwaka 1975, akiwa mzee sana, alitoa kitabu kidogo, The Mystery of the Mind, kinachouliza: je, akili ya mtu ni ubongo tu, au ni zaidi?

Wagonjwa wake walikuwa watu wenye kifafa. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, basi alitia ganzi ngozi ya kichwa tu, akafungua fuvu, nao wa macho wakizungumza naye. Akaugusa kwa umeme mdogo, apate kujua mahali pa kukata na mahali pa kuacha. Hapa mkono uliinuka. Pale mtu alisikia wimbo wa zamani. Alipowauliza habari ya mkono, walijibu ya kwamba si wao waliouinua, ni yeye. Jibu hilo ndilo nguzo ya kitabu, na sehemu hii ni nzuri kabisa: tabibu hajisifu, asimulia aliyoyaona.

Walakini asema hakupata kuona mahali ambapo umeme ungemfanya mtu aamue neno wala aamini neno. Kwa hiyo aelekea kusema akili ni kitu kingine. Hapa namwacha. Aliyemtafuta ng'ombe malishoni asimwone, hajathibitisha kwamba hayuko. Tena mwaka 2009 Michel Desmurget na wenzake, huko Ufaransa, walieleza habari za wagonjwa 7 waliofanyiwa kazi kama hiyo. Kwa umeme mdogo waliona hamu ya kusogeza mkono au midomo. Ulipozidishwa, waliamini wamekwisha kufanya hivyo, na hali viungo havikutikisika.

Je, shauri limekwisha? La. Hamu si uamuzi, wala hakuna aliyetueleza bado jinsi nyama na umeme vinavyokuwa hamu anayoiona mtu ndani yake. Ila wengi wetu tutakipenda kitabu hiki kwa kuwa kinasema tunayotaka kuyasikia, na hiyo ni sababu mbaya ya kumwamini shahidi.

Mimi napenda zaidi kurasa zake juu ya kifafa kisichomwangusha mtu: hutembea barabarani, pengine hata afike kwake, asikumbuke kitu. Kwetu mtu huyo husemwa amelewa, au amepandwa na pepo, hata hupigwa. Ijapokuwa hoja ya mwisho ni dhaifu, kurasa hizo ningependa zisomwe barazani.