Vodka na Ndimu: Kipi Hasa Kinachoburudisha?

Maelekezo yenyewe ni mafupi na karibu kila mtu anayajua. Chukua glasi, mimina vodka vidole viwili, kamulia ndimu mbili, tia sukari vijiko viwili na barafu, halafu jazia soda ya tangawizi. Koroga. Mwishoni lazima liwepo lile neno: kinywaji hiki kinaburudisha. Yanapita kwenye simu, yanapita kwenye sherehe za kumaliza chuo, na siku hizi hata kwenye kipaimara utamkuta shemeji mmoja nyuma ya meza anakamua ndimu kwa umakini wa mfamasia. Na shemeji sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na maelekezo, kwa sababu ukiyasoma kama tunavyosoma makala za utafiti, yaani kwa kuuliza kila sentensi inadai nini na ushahidi wake uko wapi, neno kubwa kuliko yote ndani yake halisimami.

Nayapima nikiwa na Tosamaganga akilini, na si kwa bahati tu. Ipo juu, nje kidogo ya mji wa Iringa upande wa Kalenga, kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,500. Wengi wanaijua kwa misheni ya Wakonsolata, hospitali na sekondari. Juni na Julai usiku huku si wa mchezo, bila koti hutoki. Sasa hapa ndipo maelekezo yanapojikanyaga. Dar es Salaam glasi hii inasifiwa kwa kupoza mwili. Tosamaganga, mwezi wa Julai, glasi ileile bila barafu inasifiwa kwa kupasha mwili joto. Chupa moja, sifa mbili zinazopingana. Dawa ya namna hiyo ingeuzwa stendi tungeicheka.

Kumbe sifa zote mbili ni habari za ulimi na ngozi. Mwaka 2021 David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua vipokezi vya joto na mguso kwenye neva zetu. Kimoja wapo, kinachoitwa TRPV1, ndicho kinachokufanya ulie ukila pilipili. Kwa kawaida hufunguka joto likifika nyuzi 42 au 43 hivi, yaani kwenye joto la kuunguza. Ethanoli ikikifikia, kizingiti hicho kinashuka hadi karibu nyuzi 34. Mdomo na koo lako tayari vina joto la kupita hapo. Kwa hiyo joto la mwili wako mwenyewe linasomeka kwenye ubongo kama moto. Hakuna joto lolote lililoongezwa, kilichobadilika ni kipimo kinacholisoma.

Baadaye pombe inatanua mishipa midogo ya damu karibu na ngozi. Damu ya moto kutoka ndani inakuja juu, uso unawaka, vidole vinapata uhai, unajisikia vizuri kabisa. Lakini ngozi ni dirisha. Damu ya moto ikija dirishani usiku wa Julai inapoteza joto kwenda nje, na joto la ndani linashuka wakati wewe unahisi limepanda. Mtu anayetoka kilabuni saa sita usiku, anafungua koti kwa sababu anasikia joto, halafu anakaa kando ya njia apumzike kidogo, yuko kwenye hatari ambayo hisia zake zinamficha. Ndiyo maana siwezi kulichukulia neno hili kama pambo la lugha tu.

Na kupoza je? Hebu tufanye hesabu ya darasani. Glasi ya mililita 250 yenye nyuzi 4, ikipashwa mwilini hadi nyuzi 37, inakunyang'anya kilokalori 8 hivi. Kama ndani yake kuna mililita 60 za vodka ya asilimia 40, hiyo ni ethanoli gramu 19, na kila gramu inabeba kilokalori 7: jumla yapata 130. Si kwamba zote zinakuwa joto la ziada, maana mwili unachoma pombe na kuahirisha mafuta mengine. Ila ukilinganisha 8 na 130 utaona ubaridi wa glasi ni kitu kidogo sana. Juu ya hapo, pombe inaizuia vasopresini, homoni inayoziambia figo zitunze maji, ndiyo maana safari za chooni hazikuishi. Kinachoburudisha kweli humo ni maji baridi, na ukali wa ndimu unaochochea mate hadi mdomo uliokauka ujisikie umelowa. Vodka hapo ni abiria.

Kwa Kiswahili, kuburudisha kuna mlango wa pili, burudani. Kama maelekezo yanamaanisha hilo, basi sina neno. Lakini asili ya neno ni ubaridi, na picha zinazoambatana nayo huwa ni barafu na jasho kwenye glasi, kwa hiyo tunajua wanamaanisha mlango upi.

Wala neno hili halikutoka jikoni. Vodka, ndimu na tangawizi kwa pamoja ni kinywaji ambacho Marekani kilipewa jina la Moscow Mule mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kampuni ya Heublein ilikuwa imenunua haki za Smirnoff mwaka 1939 na vodka haikuwa inatoka, Wamarekani walikuwa watu wa wiski. John G. Martin wa kampuni hiyo na Jack Morgan, mwenye baa Los Angeles na mzigo wa soda ya tangawizi uliomlalia, wakaunganisha shida zao kwenye kikombe cha shaba. Tangu mwanzo lilikuwa tangazo. Hilo halikifanyi kinywaji kuwa kibaya, lakini linaeleza kwa nini sifa zake zinasikika kama za dukani.

Kosa linaloniudhi zaidi ni vidole viwili. Vidole vya nani, kwenye glasi gani? Chukua glasi ya kawaida yenye kipenyo cha sentimita 7 kwa ndani. Vidole viwili vya mtu mzima vikilazwa ni kama sentimita 3.5. Zidisha eneo la duara kwa kimo: mililita 135. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya zile 60. Kwenye vodka ya asilimia 40 unapata ethanoli gramu 42 na ushee. Ukitumia Konyagi, ambayo ni asilimia 35, ni gramu 37. Ini la mtu mzima wa kawaida linaondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Glasi moja ya “vidole viwili” inalipa ini kazi ya saa nne hadi sita, na bado hatujazungumzia ya pili, wala bodaboda ya kumrudisha mtu Tosamaganga kutoka mjini. Inachekesha kidogo kwamba viroba, vilivyopigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Machi 2017, angalau vilikuwa vimeandikwa ujazo. Chupa kubwa ikihamia mezani, kipimo kimerudi kuwa kidole.

Soda nayo ina lake. Mwaka 2007 watafiti wa Manchester waliwapa watu 21 vodka kwa namna mbalimbali, ikiwemo iliyochanganywa na maji yenye gesi. Watu 14 kati yao pombe iliingia kwenye damu haraka zaidi pale gesi ilipokuwepo. Si wote, na ni kundi dogo, lakini maelekezo yanayochanganya kipimo kisichojulikana, sukari ya kuficha ukali na gesi ya kuharakisha yangepaswa walau kusema neno moja. Hayasemi.

Nikiwa mkweli, kuna kitu kimoja maelekezo yanakikaribia halafu yanakitupa, nacho ni ganda. Harufu ya ndimu haiko kwenye maji yake. Iko kwenye vifuko vidogo vya mafuta kwenye ganda la kijani, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni limonini. Limonini haipatani na maji lakini inayeyuka vizuri kwenye ethanoli. Hapo ndipo vodka inapopata kazi ya heshima: ni kiyeyushi. Paruza ganda la ndimu moja, uache sehemu nyeupe maana ni chungu, loweka kwenye vodka nusu saa, kisha chuja. Utapata harufu ambayo kukamua ndimu kumi hakutakupa. Maelekezo yetu yanakamua maji, ambayo limao lingeyatoa kwa ukali unaokaribiana, halafu yanatupa jalalani sehemu iliyoifanya ndimu kuwa ndimu.

Na kama unakamua nje uani, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukaa juani. Ndimu zina furanokumarini, kemikali ambazo zikiwa kwenye ngozi na kupigwa na miale ya urujuanimno zinaunguza. Malengelenge hayatokei papo hapo, yanakuja baada ya siku moja au mbili, na doa jeusi linaweza kukaa wiki nyingi. Kwa hiyo mtu haunganishi jambo na jambo, anadhani ni mdudu. Karibu na ikweta, juu ya mita 1,500, jua ni kali hata siku ambayo hewa ni ya baridi.

Sasa kauli ya hatari kuliko zote, ile ya “ndimu inakata pombe”. Inakata ukali mdomoni, basi. Asidi ya sitriki haivunji ethanoli kwenye glasi, na haiigusi methanoli kabisa. Hili la pili si la kinadharia. Novemba 2000, mitaa ya Mukuru jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyokuwa na methanoli. Methanoli inafanana na ethanoli kwa macho na kwa kiasi kikubwa kwa ladha. Ini ndilo linaloigeuza kuwa asidi ya fomiki, inayoua neva za macho kabla ya mengine. Chupa isiyo na chanzo kinachoeleweka haisafishwi na ndimu, tangawizi wala kwa kuwasha kiberiti kuangalia rangi ya moto. Ndimu inafanya kinyume: inaziba pua na ulimi, walinzi wawili pekee uliokuwa nao, na hata hao si wa kutegemea.

Kinachonishangaza ni kwamba mtu wa Iringa anatafuta kinywaji chepesi chenye uchachu kwenye simu wakati masika mianzi inachuruzika jirani. Ulanzi unagemwa kwa kukata ncha ya chipukizi na kufunga mbeta, utomvu unadondoka, chachu ya hewani inaanza kazi yenyewe. Ukiwa mtogwa ni mtamu, ukikaa unakuwa mkangafu. Tuseme umefika asilimia 5, kama bia: nusu lita ina ethanoli gramu 20, karibu sawa na zile mililita 60 za vodka, lakini imekuja na maji karibu nusu lita na uchachu wake yenyewe. Siutetei kama dawa, na mkangafu umeshawalaza watu wengi tu. Nasema kama neno kuburudisha lina mwenyewe, mtogwa wa asubuhi ana haki nalo kuliko vodka.

Basi kama bado unaitaka glasi yako, nisingeandika kama walivyoandika. Sukari wanaitia baridi juu ya pombe, nayo ethanoli ni kiyeyushi kibovu cha sukari, ndiyo maana inabaki chini ukikoroga mpaka mkono uume. Iyeyushe kwanza kwenye maji ya moto (huku yanachemka kwenye nyuzi kama 95, yanatosha kabisa), iache ipoe. Kisha ndimu, ganda lililoparuzwa, barafu ya kutosha, na soda. Onja kabla ya vodka. Ukishaonja, chukua kifuniko cha dawa ya kikohozi kilichoandikwa mililita 15, kioshe, pima viwili na si zaidi.